Ukifungia, Unadaiwa

Niliwahi kumnyima mtu maji ili ninyweshe nyasi. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na maelezo nitajikuta najitetea, na wewe msomaji utanihurumia kabla hujajua kosa lenyewe.

Ilikuwa Faza, kisiwani Pate, wakati wa ule ukame mrefu ulioanza mwisho wa 2020 na kutusukuma hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ikipita bila mvua ya maana. Kwa ambaye hajafika kwetu: tumezungukwa na bahari na mikoko, lakini maji ya kunywa ni hesabu ya kila siku. Visima vingi vina maji ya chumvi chumvi. Maji matamu ni ya mvua, yanayokusanywa kwenye matangi na kwenye jabia, yale mabirika makubwa ya kukingia mvua. Mvua ikikosa, jabia linabaki na tope. Hapo maji yananunuliwa kwa mtungi wa lita 20, yanakuja juu ya punda, na bei anaijua mwenye punda.

Jioni moja mama jirani akapiga hodi.

“Karibu, mama.”

“Hukai na maji hapo, mwanangu? Japo ya uji wa watoto. Punda akija kesho nakurudishia.”

“Yameisha, mama.”

Hayakuwa yameisha. Jikoni kulikuwa na ndoo, nusu yake imejaa, nimeifunika sinia. Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya mimea yangu. Mama jirani hakunijibu mara moja. Macho yake yalipita begani kwangu hadi dirishani, kwenye kopo la mafuta ya kupikia nililolikata katikati na kulijaza udongo. Lilikuwa limeota nyasi za kijani, mbichi, zimetoka kunyweshwa, na maji bado yanadondoka chini kwenye sahani. Tone. Tone.

“Haya, mwanangu,” akasema. “Mungu ataleta.” Akaondoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kosa langu lilikuwa nini hasa. Unaweza kudhani jibu liko wazi, umemnyima mtu maji, basi. Lakini nikikaa nalo naona liko na mafundo kadhaa, na kila fundo lina swali lake. Je, kosa ni kuotesha nyasi? Ni kumpenda mnyama? Ni kusema uongo? Au ni kuwa na ndoo nusu kwenye mtaa ambao wengine hawana?

Sasa maelezo.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikatika, halafu na hamu ikakatika, nikarudi nyumbani kwa bibi na laptopu moja iliyopasuka kioo. Nikawa naandika makala za mtandaoni, unalipwa kwa neno, jina lako halitokei. Wenzangu wengi wa umri huu wanaijua kazi hiyo. Leo unaandika kuhusu bima ya magari ya Marekani, kesho kuhusu namna ya kuchagua godoro. Siku moja ikaja kazi ya maneno elfu mbili: kuotesha mboga zisizo za kawaida nyumbani kwa mbegu, pamoja na nyasi zinazomfaa paka. Nikacheka peke yangu. Nyasi za paka! Nilikuwa sijawahi kusikia paka akioteshewa chochote.

Lakini nikaandika, na kuandika kukanifanya nisome. Kumbe watu wa majumba ya ghorofa huko ng’ambo wana paka wasiotoka nje tangu wazaliwe mpaka wafe. Paka wa namna hiyo hana pa kutafuna majani. Na paka anataka majani. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotolewa 2019, ambapo watafiti waliwahoji wenye paka zaidi ya 1,000. Wengi wao walisema wamewaona paka wao wakila majani mara nyingi, na kwamba paka hao hawakuonekana wagonjwa kabla ya kula. Ni wachache tu waliokuwa wakitapika kila mara. Watafiti wakapendekeza kwamba huenda ni tabia ya kale, iliyowasaidia mababu wa paka kusukuma minyoo nje ya matumbo. Yaani paka wa ghorofani, aliyepewa dawa zote za minyoo, bado anabeba kumbukumbu ya porini.

Mimi nilikuwa na paka kama huyo, ila si kwa kupenda. Tunamwita Dagaa. Aligongwa na bodaboda, mguu wa nyuma ukavunjika, nikamwingiza ndani na kumfungia chumbani kwangu ili asitembee. Bibi hakufurahi. Kwetu paka hana mwenyewe. Paka ni wa mtaa, anazaliwa kwenye kiambaza, anakula utumbo wa samaki kwenye bandari, analala msikitini kivulini, na akifa watu wanasema “yule paka wa pale” bila kutaja jina. Nenda Lamu mjini utaona hivyo hivyo, paka kwa mamia na hakuna aliyemnunua hata mmoja.

“Tangu lini paka akafugwa?” bibi akaniuliza. “Paka huishi na watu. Hafugwi.”

“Ni mguu tu, bibi. Akipona nitamwachia.”

Baada ya wiki mbili Dagaa akaanza kutafuna mkeka. Nikakumbuka makala yangu.

Nyasi zenyewe ni jambo rahisi, na nitakueleza kwa sababu nina uhakika yuko mmoja kati yenu, ghorofani kwake huko Kilimani au Kariakoo, ana paka anayetafuna maua. Unahitaji ngano nzima, au shayiri. Sisi watu wa pwani tunayo ngano nzima madukani, ile ya kupikia bokoboko, hasa Ramadhani ikikaribia. Unailoweka usiku kucha, unamwaga maji, unaitandaza juu ya udongo kidogo, unaifunika kwa udongo mwembamba, na unaiweka penye mwanga usiokuwa jua kali. Siku ya tatu imetoka. Baada ya siku nane au kumi imefika urefu wa kiganja, na paka anaweza kuanza. Chunga kitu kimoja: usitumie mbegu za dukani za kupandia shambani, zile zilizopakwa rangi ya waridi au ya kijani. Rangi hiyo ni alama ya dawa, na dawa ile si ya kuliwa na paka wala na wewe. Na kama una mayungiyungi ya vazi, yatoe nyumbani. Ua lile zuri huharibu figo za paka, hata akilamba chavua tu kwenye manyoya yake. Vitunguu pia si chakula chake.

Mboga nazo nikazijaribu. Niliagiza pakiti sita za mbegu kutoka Nairobi, zikaja kwa basi hadi Mokowe, zikavuka kwa boti hadi Mtangawanda, kisha bodaboda mpaka Faza. Safari ndefu kwa vitu vizito kama pumzi. Kulikuwa na figili, saladi, karoti za zambarau, bitiruti, sukuma wiki nyeusi ya Kitaliano, na nyanya ambazo picha yake ilikuwa nyeusi kama mbilingani. Bibi alizitazama pakiti moja moja na kusema, “Vyakula vya wagonjwa.”

Figili zilitoka siku ya nne. Saladi ikagoma kabisa, kwa sababu mbegu ya saladi ikiona joto limezidi kama nyuzi 30 hivi inajilaza na kusubiri. Bibi ndiye aliyesema tuifunge kwenye kitambaa kibichi na kuiweka chini ya balasi, pale ambapo udongo wa mtungi unatoa ubaridi. Ikaota. Halafu maji ya kisima yakaiua, maana saladi haivumilii chumvi. Karoti hazikufika popote. Bitiruti zikaniacha mdomo wazi, zilikunywa maji ya kisima yaliyochanganywa na matamu kidogo na zikaendelea tu. Baadaye nikasoma kwamba babu yake bitiruti ni mmea wa ufukweni unaoota karibu na bahari. Ni mwenzetu.

Na kabla hujazicheka mboga geni, kumbuka kwamba nyanya, pilipili, mahindi, muhogo na papai vyote asili yake ni bara la Amerika. Kuna siku mtu wa pwani hii aliishika nyanya ya kwanza mkononi na kujiuliza kama ni sumu. Leo mchuzi bila nyanya hatuuelewi. Kwa hiyo sioni aibu kuotesha kitu kigeni. Swali langu ni jingine: nani alilipa gharama ya mimi kukiotesha?

Maana ukame uliposhika, mboga zangu na nyasi za Dagaa vilikuwa bado vinakunywa.

Usiku ule baada ya mama jirani kuondoka nilijipa sababu tatu. Ya kwanza, maji ni yangu, nimeyanunua kwa pesa niliyoandikia maneno. Ya pili, paka naye ni kiumbe cha Mungu. Ya tatu, nusu ndoo isingebadilisha maisha ya mtu. Naomba tuzipime kwa zamu, kwa sababu nadhani wengi wetu tunalala juu ya mito ya sababu hizi hizi.

Nianze na paka. Kila mtoto aliyepita madrasa anajua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tunapohadithiwa tunapewa funzo la haraka: usimtese mnyama. Mimi si sheikh na sitoi fatwa, lakini nimekaa na habari ile nikaona jambo ambalo nilipokuwa mdogo lilinipita. Yule mwanamke hakumpiga paka. Alimfungia, hakumlisha, na wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Angekuwa hamlishi paka wa njiani, asingetajwa. Faza nzima haijui leo paka wa bandarini amekula nini, na hatuhesabiwi wabaya kwa hilo, kwa kuwa paka yule ana njia yake. Deni linaanza pale mlango unapofungwa. Ukimzuia kiumbe asifikie riziki yake, riziki yake inakuwa juu yako.

Basi kwa Dagaa nilikuwa nadaiwa kweli. Nilimfungia, tena kwa wema, lakini mlango uliofungwa kwa wema umefungwa vilevile. Nilimdai uhuru wake kwa muda, naye akanidai chakula, maji, na mahali safi. Je, alinidai na nyasi? Hapa niseme ukweli. Paka anaishi bila nyasi. Zinampendeza, labda zinamsaidia tumbo, lakini hafi. Nikijichunguza, zile nyasi zilikuwa za kwangu zaidi. Kisiwa kizima kilikuwa kimekauka rangi ya mkate, na mimi niliyeacha chuo, nisiye na kazi ya kueleweka, nilikuwa na kopo moja la kijani dirishani lililonitii. Nilimwagilia, likaota. Hakuna kitu kingine maishani mwangu kilichokuwa kikinijibu hivyo wakati ule.

Sidharau haja hiyo. Mtu anahitaji kitu cha kumjibu. Lakini niliivisha haja yangu manyoya ya paka ili ionekane ya huruma.

Sababu ya pili: maji ni yangu. Kisheria ni kweli, nimelipa. Lakini turudi kwenye mlango. Maji ya mvua, kabla hayajafika kwa mwenye punda, hayakuwa ya mtu. Yalianguka juu ya wote. Yaliponunuliwa na kuingia ndani ya ndoo yangu na kufunikwa sinia, niliyafungia. Siku ya kawaida kufungia huko hakumdhuru mtu, kwa kuwa jirani naye ana njia yake, kama yule paka wa bandarini. Siku ambayo njia yake imekauka, sinia langu ndilo linalobaki katikati ya watoto wake na uji. Umiliki wangu haukuondoka siku hiyo. Uliongezewa deni tu. Na kwa watu wa kale wa pwani hii jambo hili halikuwa falsafa. Ndiyo maana mtu tajiri alichimba kisima akakitoa wakfu, au akaweka birika msikitini kwa kila apitaye. Walijua kwamba aliye na maji mahali pakavu ana mamlaka juu ya maisha ya watu, na mamlaka hayo yanatisha, bora uyagawe mapema.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoiona ya hatari kuliko zote, kwa sababu ina sauti ya akili. Nusu ndoo haibadilishi kitu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza tulisomeshwa insha ya Peter Singer ya 1972 kuhusu njaa, ile yenye mfano wa mtoto anayezama kwenye dimbwi na wewe unapita umevaa nguo nzuri. Anauliza: utaogopa kuchafua nguo? Kama huogopi, kwa nini unaogopa kutoa pesa kwa mtoto aliye mbali anayekufa njaa? Darasani tulimpinga kwa hasira. Tulisema, basi hakuna mwisho, nikianza kutoa sitabaki na chochote, sitanunua hata ua. Na mimi nilisimama nikasema kwa ujasiri kwamba mtu hawezi kuwajibika kwa kila kiu ya dunia.

Bado naamini sehemu ya maneno yale. Lakini ona nilivyoyatumia. Mama jirani hakuwa kila kiu ya dunia. Alikuwa mtu mmoja, mlangoni, ameomba maji ya uji. Nilichukua ukubwa wa shida ya ulimwengu nikaufanya pazia la kuficha udogo wa nilichoombwa. Nusu ndoo haitaokoa Turkana, sawa. Ingepika uji.

Na kuna kipimo ambacho sikukisoma kwa mwanafalsafa yeyote, nilikipata usiku ule nikiwa macho. Kama nilikuwa na haki, mbona sikusema? Ningeweza kumwambia, “Mama, nina nusu ndoo, lakini ni ya nyasi za paka na bitiruti.” Jaribu kulitamka kwa sauti. Mdomo unakataa. Nilisema “yameisha” kwa sababu nilijua, kabla ya kuwaza lolote, kwamba sababu yangu haiwezi kusimama mbele ya uso wake. Uongo wangu ulikuwa shahidi dhidi yangu. Kitu unachoweza kukitetea kwa marafiki zako mtandaoni lakini huwezi kumwambia yule anayekilipia, kitazame upya.

Mtu atauliza, kwa hiyo tusioteshe? Mnyama asipewe chochote mpaka binadamu wote washibe? Hapana. Hoja ya “watu wana njaa na wewe unalisha paka” naichukia, kwa sababu huwa inaelekezwa kwa paka peke yake. Hakuna anayemwambia mtu “watu wana njaa na wewe unanunua bando”. Siku nyingi maji ya paka hayashindani na maji ya mtoto. Yanashindana na chai yangu ya tatu, na ndoo ya kuoshea pikipiki. Tunapowaita maskini kama hoja dhidi ya mnyama, mara nyingi hatuna nia ya kuwapa maskini chochote. Mama jirani mwenyewe, katika ukame ule, alikuwa akiwaachia mbuzi wake maganda na maji aliyooshea mchele. Hakuona ushindani. Aliona mpangilio: mtu kwanza, kisha mnyama, kisha mmea, na maji yale yale yakishuka ngazi. Mimi nilikuwa nimeanzia chini.

Jambo hili la kufungia limenifuata hadi kwenye mbegu zenyewe.

Bibi ana chupa tatu juu ya kabati. Moja ina mbegu za bamia, ya pili mchicha, ya tatu kunde zilizochanganywa na majivu ili zisiliwe na wadudu. Hajawahi kununua mbegu hizo. Alipewa, akapanda, akaweka nyingine, akagawa. Pakiti zangu za Nairobi zilikuwa tofauti. Baadhi ziliandikwa F1, maana yake ni chotara wa kizazi cha kwanza, na ukihifadhi mbegu zake na kuzipanda tena hutapata mmea ule ule. Kila mtoto anatoka na sura yake. Hakuna ubaya katika chotara, anazaa vizuri. Lakini ni mbegu ambayo kila msimu inakurudisha dukani.

Na kuna kufungia kwa sheria. Kenya ina Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326. Iliporekebishwa 2012, ikawa kwamba mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa na kuthibitishwa angeweza kufungwa hadi miaka miwili au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1. Fikiria bibi na chupa yake ya bamia, akimpa mama jirani kiganja kimoja, naye akapewa yai. Mwaka 2022 wakulima 15 walikwenda Mahakama Kuu, Machakos, kuipinga. Novemba 2025 mahakama ikawapa haki, ikatamka kwamba vifungu vilivyomzuia mkulima kuhifadhi na kugawana mbegu za kienyeji vinakwenda kinyume cha Katiba.

Nilipomsomea bibi habari ile kwenye simu alishangaa kwamba kumbe ilikuwa imekatazwa. Amegawa mbegu miaka yote hiyo bila kujua kwamba anavunja sheria.

Waliotunga sheria walikuwa na hoja yao, na si ya kupuuzwa. Mbegu feki ni msiba. Mkulima anapanda ekari nzima, haioti, mwaka umepotea. Kuthibitisha mbegu kunamkinga mnunuzi. Lakini kipimo cha mlango kinafanya kazi hapa pia. Ukimkinga mtu kwa kumfungia njia yake ya zamani, unadaiwa njia mpya. Mbegu iliyothibitishwa ya ile bamia ya bibi, inayovumilia chumvi ya kisima chetu, iko duka gani?

Najua mfano mmoja wa mlango uliofungwa ambao unanipa taabu, na ningekuwa nadanganya nisipoutaja. Wakati wa vita vya pili vya dunia mji wa Leningrad ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944. Watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Ndani ya mji ule kulikuwa na taasisi iliyojengwa na mwanasayansi Nikolai Vavilov, yenye hazina ya mbegu kutoka pembe zote za dunia: mpunga, ngano, kunde, viazi. Wafanyakazi wake walizifungia na kuzilinda. Kadhaa wao walikufa kwa njaa wakiwa wamezungukwa na nafaka. Vavilov mwenyewe alikufa gerezani 1943, akiwa mfungwa wa serikali yake.

Je, walikosea? Nje ya mlango ule kulikuwa na watoto wanaohitaji uji, kama wa jirani yangu, na ni zaidi. Sina jibu la kunitosha. Ninachokiona ni tofauti moja kati yao na mimi: walichokifungia hawakukila. Walijihesabu pamoja na walio nje ya mlango, kwa ajili ya watu ambao walikuwa hawajazaliwa. Hilo halifuti deni lao kwa waliokuwa hai, lakini linaonyesha kwamba walijua ni deni. Mimi nilifunika ndoo, nikanyamaza, na asubuhi nikakata figili zangu mbili nikala na chumvi. Zilikuwa kali na tamu.

Na wapo waliojua uzito wa mimea kwa nia mbaya. Mwaka 1587 Wareno waliposhambulia Faza hawakuishia kuua watu na kuchoma mji. Walikata na minazi. Mtu anayekata minazi anajua kabisa anachofanya. Anawafungia riziki hata wale ambao bado hawajaja.

Nilikwenda kwa mama jirani baada ya siku tatu. Nilibeba mtungi mzima, na hapo napo nilikosea, maana nilitaka mtungi useme badala yangu. Aliupokea, akaumimina kwenye pipa lake, akanirudishia mtungi mtupu. Nikabaki nimesimama.

“Siku ile nilikuwa nayo,” nikasema.

“Nilijua,” akasema. “Nilisikia yakidondoka.”

Hakusema nimekusamehe. Aliniuliza zile nyasi ni za nini, nikamwambia ni za paka, akacheka mpaka akakaa chini kizingitini. Akawaita watoto waje wasikie. Niliona aibu kuliko ambavyo ningeona kama angenitukana, na nadhani aibu ile ndiyo malipo pekee niliyowahi kuyatoa kwa deni lile. Mengine bado.

Siku hizi naotesha kwa mpangilio wake. Maji ya kuoshea mchele na ya kutawadhia tunayakinga kwenye karai, kisha ndipo mimea inapata. Bitiruti zimezoea. Saladi nimeiacha, si ya hapa, na sioni haja ya kuilazimisha kisiwa kizima kiinyweshe. Mbegu za figili nilizoacha zikomae nimezitia kwenye chupa ya nne, juu ya kabati la bibi, na nusu yake iko kwa mama jirani, ingawa anasema mboga ile inawasha ulimi bila faida.

Dagaa alipona. Anachechemea kidogo. Nilipomfungulia mlango alitoka bila kugeuka, akashuka ngazi, akaelekea bandarini. Kopo la nyasi likabaki dirishani na hakuna wa kulila, kwa hiyo nililipeleka kwa mbuzi wa jirani, ambao walilimaliza kabla sijafika nyumbani.

Ukame mwingine utakuja, hilo hakuna mtu wa Faza asiyelijua. Mtu akipiga hodi siku hiyo nimejiwekea sharti moja dogo: nitataja kiasi. Nina nusu ndoo. Nina robo. Baada ya hapo tutazungumza, mimi na yeye, nani apate nini. Huenda nikashindwa kumpa yote, lakini atakuwa anajua sinia limefunika nini.